Ngoma, Kinywa na Mashine: Mambo Mawili Yaliyomo Katika Sauti ya Mtu

Kutoka mdomo wa mto Ruvuma kwenda kusini, kupitia Quionga, Palma na Mocímboa da Praia hadi kisiwa cha Ibo na vile visiwa ambavyo Wareno huviandika Quirimbas, pwani ya Cabo Delgado ni nchi ya lugha zinazopakana. Ukingoni mwa bahari husemwa Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, lugha ambayo hata jina lake halina maana nyingine ila pwani. Palma na kandokando yake husemwa Kimakwe, kilicholelewa na nyumba mbili, ya Wamakonde na ya Waswahili. Juu, kwenye uwanda wa Mueda, ni Kimakonde. Na Kiswahili chenyewe kimo humo tangu zamani: katika biashara, katika vyuo vya Kurani, katika barua ambazo masheikh wa kaskazini ya Msumbiji waliwaandikia watawala wa Kireno katika karne ya 19 kwa hati za Kiarabu, na baadaye, kuanzia mwaka 1964, katika vita vya ukombozi.

Makala haya yanahusu jambo ambalo pwani hiyo hulionyesha vizuri kuliko mahali pengi, nalo ni kwamba sauti ya mtu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na kwamba vitu hivyo vyaweza kutenganishwa. Wahandisi wa Marekani walivitenganisha kwa mashine waliyoiita vokoda. Wapiga ngoma wa Afrika walivitenganisha kwa mti na ngozi bila kungoja mashine. Siku hizi simu ya mkononi huvitenganisha kila tunapoongea. Lakini kila anayetenganisha hutupa kitu njiani, na hicho kinachotupwa ndicho kinachopasa kutushughulisha sisi walimu wa lugha.

Tuanze darasani. Mwambie mwanafunzi anong'one sentensi yoyote ya Kiswahili. Nyuzi za sauti kooni hazitetemeki hata kidogo, ni pumzi tu ipitayo. Hata hivyo wenzake watamfahamu. Kisha mwambie afumbe kinywa, aivumishe sentensi ileile puani, kwa kupanda na kushuka kama alivyoisema mwanzo. Sasa koo linafanya kazi yake yote, lakini neno halipo. Katika zoezi la kwanza tumebakiwa na umbo bila mlio. Katika la pili, mlio bila umbo. Mlio hutoka kooni. Umbo hutolewa na ulimi, midomo, meno na kaakaa, ambavyo huupa mlio uleule mmoja sura ya irabu *a* au ya irabu *i*, na kuukata kwa konsonanti. Sisi tunaofundisha sauti ghuna na sighuna tunalijua jambo hili tangu siku ya kwanza, ila mara chache tunalifikiria hadi mwisho wake.

Aliyelifikiria hadi mwisho ni Homer Dudley, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1928 alikuwa akitafuta njia ya kupitisha mazungumzo katika waya mwembamba wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Waya ule haukuweza kubeba mitetemo mingi ya sauti kwa sekunde moja. Dudley aling'amua kwamba mitetemo hiyo yote haihitajiki. Ulimi na midomo ni viungo vizito. Havigeuki zaidi ya mara chache kwa sekunde, na mwendo wao, lau ungekuwa peke yake, usingesikika kabisa kwa sikio. Ndiyo maana hupandishwa juu ya mlio wa koo, kama abiria apandavyo chombo. Jambo hilo alilieleza kwa kirefu katika makala aliyoichapisha mwaka 1940, akilinganisha usemi wa mtu na redio, ambayo nayo hubeba habari zake juu ya wimbi lisilo habari yoyote.

Ikiwa habari ni abiria, kwa nini kusafirisha chombo kizima? Vokoda ilifanya hivi. Sauti iliyoingia katika kipaza sauti ilipitishwa katika machujio kumi, kila moja likiruhusu tabaka lake tu, kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Mashine ilipima kila tabaka lina nguvu kiasi gani wakati ule, na vipimo hivyo, vinavyobadilika polepole, ndivyo vilivyotumwa. Upande wa pili kulikuwa na mlio mwingine kabisa, uliotengenezwa na mashine: mvumo kwa ajili ya sauti ghuna na mchakato wa hewa kwa ajili ya sighuna. Mlio huo ulipitishwa katika machujio kumi kama yale ya kwanza, na kila tabaka likapandishwa au kushushwa kulingana na vipimo vilivyofika. Papo hapo mvumo ule ukaanza kusema. Nafasi iliyohitajika katika waya ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajiwa na sauti kamili.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya vokoda hulipita haraka. Mbali na yale matabaka kumi, Dudley alilazimika kutuma kipimo kingine peke yake, nacho ni cha kupanda na kushuka kwa sauti, yaani kile ambacho katika Kiswahili hutupa kiimbo na katika lugha nyingine huitwa toni. Hakikuwamo katika umbo. Kilikuwa mali ya mlio. Katika maonyesho makubwa ya New York ya mwaka 1939 maabara za Bell zilionyesha mashine ya pili, iliyoitwa voda, isiyosikiliza mtu bali iliyopigwa kwa vidole kama kinanda. Wanawake walioiendesha walijifunza karibu mwaka mzima kabla ya kuweza kuifanya izungumze. Vidole vyao viliunda irabu na konsonanti. Kifundo cha mkono kilichagua baina ya mvumo na mchakato. Na kupanda na kushuka kwa sauti kuliendeshwa kwa mguu. Lugha nzima iliwekwa mikononi, toni ikawekwa chini ya kiatu. Kwa Kiingereza mpango huo ulitosha.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, vokoda iliingizwa katika mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY, uliofunguliwa tarehe 15 Julai 1943 baina ya Washington na London, kisha ukawekwa katika miji mingine, na Algiers mmojawapo. Kila kituo kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50. Uliwawezesha viongozi wa Marekani na Uingereza kuongea bila adui kuwafahamu, na habari zake hazikutolewa hadharani mpaka 1976. Mtambo huo ulikuwa na njia kumi na mbili: kumi za umbo, kila moja ikitosheka na ngazi sita za nguvu, na mbili zilizounganishwa kwa ajili ya kupanda na kushuka kwa sauti, kwa sababu ngazi sita hazikutosha hata kidogo, zilihitajika thelathini na kadhaa. Sikio huvumilia umbo lililochakaa kuliko linavyovumilia mlio uliopotoka. Hao walikuwa watu wasio na toni katika lugha yao, na bado walilitambua hilo.

Katika muziki mambo yaligeuzwa. Mwanamuziki hakutaka kurudisha sauti ya msemaji kama ilivyokuwa. Alitaka kulitia umbo la kinywa chake katika mlio wa kitu kingine. Aliuondoa ule mvumo wa mashine, akaweka mahali pake mlio wa sintesaiza, au wa kinanda, au hata ngurumo, na chombo hicho kikaonekana kuimba maneno. Wendy Carlos na Robert Moog walitengeneza vokoda ya namna hiyo kwenye mwaka 1970, nayo ikasikika katika filamu *A Clockwork Orange* ya 1971, ambamo sehemu ya simfoni ya tisa ya Beethoven iliimbwa na mashine. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani liliitumia mwaka 1974. Kutoka hapo ikaenea duniani. Vijana wa leo huichanganya na ile programu inayonyosha sauti za waimbaji wa bongo fleva, Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997. Lakini kazi zao hazifanani. Auto-Tune huacha umbo la mwimbaji na mlio wake pale pale, ikiusogeza tu mlio huo juu au chini hadi ulingane na noti. Vokoda ya mwanamuziki huutupa mlio wote wa mwimbaji, pamoja na kupanda na kushuka kwake, na kubaki na umbo peke yake.

Je, watu wetu walikuwa na kitu kama hicho? Walikuwa nacho, tena bila umeme. Kusini mwa nchi hiyohiyo ya Msumbiji, miongoni mwa Watsonga, upo upinde mdogo uitwao chizambi. Mti wa upinde umechongwa pingili. Mpigaji huzikwaruza kwa kijiti chenye njuga, na uzi wake, aghalabu utepe wa ukuti, huuweka baina ya midomo. Mlio watoka katika upinde, umbo latoka kinywani. Huko Malawi wanawake wana upinde wao wa kinywani uitwao mtangala. Wapigaji wa pinde za namna hiyo hupanua na kubana kinywa kama mtu atamkaye irabu, na upinde hubadili sauti kwa kadiri hiyo, ingawa koo lao limenyamaza. Kanuni ni ileile ya vokoda: mlio wa kitu kimoja, umbo la kingine. Tofauti ni kwamba machujio ya Dudley yalijaza makabati, na haya ya upinde kila mtu huzaliwa nayo.

Pwani, kutenganisha huku kuna sura yake pia, isiyo ya mchezo. Tarika za Kisufi, Shadhuliya na Kadiriya, zilifika Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zikaenea kaskazini na kusini mwa pwani hiyo. Aliyepata kuhudhuria zikri popote katika pwani ya Waswahili ajua kwamba jina la Mwenyezi Mungu huanza likitamkwa wazi, kwa sauti kamili. Kisha kadiri safu inavyoyumba na mwendo kukaza, sauti ya koo hupungua, konsonanti hulegea, hata ikabaki pumzi nzito itokayo vifuani kwa pamoja, ambayo watu wengine huiita kukohoa. Atazamaye kwa nje atadhani neno limepotea. Kwa walio katika safu halikupotea. Limeachwa kwanza na mlio, kisha na umbo, likabaki katika mapigo. Sidhani kuna zoezi la fonetiki lililopata kufika mbali hivyo.

Sasa tupande uwandani. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, kiliacha toni zamani. Kinachokiongoza ni mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kimakonde nacho huilenga silabi hiyohiyo, na huirefusha kwa wazi zaidi kuliko sisi, lakini juu ya urefu huo huweka toni: sauti hupanda, au hushuka, au hupanda na kushuka, kwa mipango inayojulikana, na mipango hiyo ni sehemu ya sarufi. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeivumisha sentensi puani katika zoezi letu hakupeleka chochote ila kiimbo, yaani labda alikuwa akiuliza au akieleza. Mwenzake wa Kimakonde, akifanya vivyo hivyo, amepeleka zaidi. Hakupeleka neno zima, lakini amepeleka kipande cha neno.

Hapo ndipo ngoma inapoingia. Ngoma haina ulimi wala midomo. Haiwezi kutoa irabu wala konsonanti. Kitu iwezacho ni kupanda na kushuka na kushika mapigo. Kwa maneno mengine, ngoma hukitunza kile ambacho vokoda ya mwanamuziki hukitupa, na hukitupa kile ambacho vokoda hukitunza. Zimegawana sauti ya mtu nusu kwa nusu bila kujuana.

Mfano uliochunguzwa sana wa ngoma isemayo umetoka mashariki ya Kongo, kwa Walokele wa Yakusu karibu na Kisangani. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika huko mwaka 1938 na kujifunza kupiga, alieleza katika kitabu chake cha 1949 jinsi gogo lililochimbwa, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa chini, linavyofuata toni za lugha ya Kilokele. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilizo sawa, gogo likipiga neno moja tu hakuna atakayefahamu lipi limekusudiwa. Basi mpigaji halipigi neno. Hupiga fungu zima la maneno lililozoeleka, neno likiwa na sifa zake, mfano wa majina ya kujisifu, hata isiwezekane kulichanganya na jingine. Wanaosikia fungu refu hudhani Walokele wanapenda mapambo. La. Urefu ule ni malipo ya umbo lililotupwa. Dudley alipunguza sauti ili kuokoa nafasi katika waya. Walokele waliongeza maneno ili kuokoa maana katika hewa. Carrington alisikitika pia kwamba vijana wa wakati wake walikuwa wameanza kuacha kujifunza.

Nisifahamike vibaya: ngoma za Mueda hazisemi sentensi kama gogo la Yakusu. Zina kazi nyingine, nayo huonekana vizuri katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde inayofungamana na jando. Kinyago chenyewe, lipiko, huchongwa kwa mti mwepesi, aghalabu kikapachikwa nywele za mtu, na huvaliwa kichwani kwa kuinamishwa nyuma, hata mvaaji huona njia kupitia kinywa cha kinyago. Kinywa kile ni dirisha. Hakisemi. Kwa desturi aliyekivaa si mtu bali ni mzimu uliorudi, na zamani wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakupaswa kujua kwamba ndani yake yumo mjomba wa fulani. Sauti ingemfichua, maana tunamtambua mtu kwa mlio wake kabla hajamaliza neno la kwanza.

Basi lipiko limenyamaza, na usemi wote umehamia kwa wapigaji na waitikiaji. Wapigaji huzipasha ngozi kwa moto mpaka kila ngoma ipate sauti yake: vinganga, vidogo, vyenye mguu uliochongoka ukakitwa ardhini, ligoma, iliyo nzito, na nyingine baina yao. Ngoma huita, lipiko hujibu kwa bega, kiuno na mguu. Lipiko huomba kwa hatua, ngoma hujibu kwa pigo. Kuna mapigo ya kuingia, ya kusimama, ya kumaliza, na watazamaji huyajua kama tunavyojua vituo katika maandishi. Ni mazungumzo ambamo upande mmoja hauna sauti kabisa na upande mwingine hauna umbo la kinywa, na hata hivyo hakuna aliyekosa kufahamu. Wimbo wa waitikiaji ndio unaoleta maneno, na wimbo huo, kama ilivyo desturi ya lugha zenye toni, haupendi kupanda pale neno linaposhuka, ingawa muziki nao una haki zake na mara nyingi hupatana na lugha kwa kuvumiliana.

Mapiko hayakukaa nje ya historia. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo ilianza vita kwa kushambulia kituo cha Chai, katika jimbo hilohilo. Sauti nyingine ikaanza kusikika uwandani, ya redio, pale matangazo ya Frelimo yalipokuwa yakirushwa kutoka Dar es Salaam. Na sauti ya redio, kama Dudley alivyosema, nayo ni abiria juu ya wimbi. Baada ya uhuru wa 1975 vinyago vilivaa sura mpya, na mwaka 1978, katika tamasha la kwanza la taifa la ngoma za wananchi mjini Maputo, ngoma za jandoni zilichezwa mbele ya taifa zima.

Katika miaka ile baina ya risasi za Mueda na kuanza kwa vita, na kidogo kabla yake, kulikuwa na kinasa sauti uwandani. Margot Dias, mpiga piano mzaliwa wa Ujerumani aliyeolewa na mtaalamu wa Kireno Jorge Dias, alifika kwa Wamakonde pamoja na mumewe, na baina ya 1958 na 1961 alinasa nyimbo, ngoma na filamu. Kutokana na kazi hiyo vilitoka vitabu vinne juu ya Wamakonde, kati ya 1964 na 1970, na mwaka 1986 kitabu chake mwenyewe cha ala za muziki za Msumbiji. Haifai kusahau kwamba msafara ule uliandika pia taarifa za siri kwa serikali ya kikoloni kuhusu mwelekeo wa siasa za wenyeji; sikio lililosikiliza vinganga lilisikiliza na mengine. Lakini mkanda wa sumaku una uadilifu ambao serikali haikuwa nao. Haujui kinywa ni nini wala ngoma ni nini. Hupokea mtetemo wa hewa jinsi ulivyo, na kuuweka.

Simu ya mkononi haiko hivyo, na hapa ndipo swala linapotugusa leo. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa mara ya kwanza, vita vingine vimeipiga pwani hiyo. Mji huo ulishikwa na wapiganaji toka Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na siku hizo mawasiliano ya simu nayo yalikatika. Watu zaidi ya 900,000 walipata kuyahama makwao kwa nyakati mbalimbali, wakaenda Pemba, Metuge, Montepuez, Mueda na kwingineko. Mpigaji wa ngoma akawa wilaya moja, mwitikiaji wilaya nyingine, na aliyejua kuchonga hajulikani alipo. Walichobakiwa nacho mikononi ni simu.

Na simu ni mjukuu wa vokoda. Katika utaratibu uliowekwa mwaka 1999 na kutumiwa na simu nyingi duniani, sauti hukatwakatwa katika vipande vya sekunde moja ya hamsini. Kwa kila kipande simu hukisia mambo mawili: umbo la njia ya sauti kinywani, na mlio uliopita katika njia hiyo, pamoja na kupanda na kushuka kwake. Makisio hayo ndiyo yanayotumwa. Upande wa pili simu nyingine hujenga sauti upya. Mama aliye Metuge anapompigia mwanawe aliye Mtwara, kinachovuka Ruvuma ni maelezo ya sauti yake. Mwana huisikia sauti iliyojengwa papo hapo kwa maelezo hayo, na huitambua tangu neno la kwanza. Toni za Kimakonde hufika pia, kwa sababu wahandisi, tangu siku za SIGSALY, waliujali mlio na kuupa sehemu yake.

Lakini mwambie mama huyo aisogeze simu karibu na ngoma. Simu hutafuta kinywa. Haikuti koo wala ulimi; hulazimisha pigo la ligoma liwe irabu, na mchanganyiko wa vinganga vitatu uwe koo moja. Kinachofika ni mkwaruzo na kukatikakatika. Mashine haikuharibika, inafanya kazi iliyoundiwa, nayo ni kusafirisha usemi na kuchukulia kila kisicho usemi kuwa kelele. Katika simu ngoma ni kelele.

Kuna njia nyingine ndani ya kifaa hichohicho. Nyimbo zilizohifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu kwa utaratibu wa MP3 hazikujengwa juu ya mfano wa kinywa bali juu ya mfano wa sikio: hutupwa kile ambacho sikio la mtu halingekisikia, na ngoma hupita karibu salama. Ule ujumbe wa sauti unaotumwa kwa WhatsApp unatumia utaratibu wa mwaka 2012, uitwao Opus, ambao umeunganisha njia zote mbili, ya kinywa na ya sikio. Kwa mwalimu anayetaka kuwanasa wazee walio kambini, au anayekusanya fasihi simulizi ya Kimwani, Kimakwe na Kimakonde kabla hawajatawanyika zaidi, tofauti hizi si za kihandisi tu. Hadithi yaweza kunaswa kwa simu iliyopigwa, nayo itafahamika. Wimbo utapungukiwa. Ngoma haitakuwapo kabisa, na atakayesikiliza baada ya miaka hamsini atadhani palikuwa na upepo.

Jambo hilo lina mfano katika kazi yetu ya kila siku. Hati za Kiarabu walizotumia masheikh wa karne ya 19 ziliandika irabu zetu tano kwa harakati tatu, na msomaji akaongeza zilizobaki kutokana na lugha aliyoijua. Hati za Kilatini zimetupa irabu zote tano, lakini Kimakonde kinapoandikwa kwa kawaida toni zake hazionyeshwi, na msomaji huziongeza vivyo hivyo. Maadamu yuko msomaji aijuaye lugha, hasara hiyo haionekani. Walokele waliijua hesabu hii: wewe unayetupa umbo, toa maneno zaidi ili anayesikia asipotee.

Mikanda ya Margot Dias ilipelekwa Lisbon, katika makumbusho ya etnolojia yaliyoanzishwa na mumewe mwaka 1965, na filamu zake zilitolewa kwa umma mwaka 2016. Vinganga vilivyopigwa uwandani miaka zaidi ya sitini iliyopita vinasikika humo kila kimoja kwa sauti yake.